Msimkalishe Mama

Maneno haya kuhusu mifupa ya mama zetu niliyasema mbele ya akina mama, baada ya swala ya alasiri, katika kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba moja ya Langoni, hapa Lamu. Nimeyaandika yote kama yalivyotoka kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kuja, wa Shela na Matondoni, wa Faza na Siyu, na kwa watoto wetu walio mbali, ambao ndio hasa ninaotaka wayasome.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu, shikamooni. Dada zangu na wanangu, masalkheri. Mwenye nyumba, ahsante kwa kutufungulia mlango, na ahsante kwa kahawa na kaimati.

Wengi hapa mlimjua marehemu nyanya yangu kabla ya kunijua mimi. Kazi yangu ni fiziotherapia, yaani kuwarudisha watu kwenye miguu yao baada ya kuvunjika, kupooza au kulala kitandani muda mrefu. Leo nitaanza na nyanya, kwa sababu kila nilichojifunza katika kazi hii nilijifunza nikimfikiria yeye.

Nyanya alikuwa mtu wa ngazi. Mnazijua ngazi za nyumba zetu za mawe, zilivyosimama wima, kila kidato na urefu wake. Alizipanda mara ngapi kwa siku? Hakuna aliyehesabu. Alipanda na ndoo ya maji, akashuka na nguo za kufua, akapanda na sinia la chakula, akashuka kumfungulia mgeni. Alipokuwa na miaka 66, tukitoka arusini Matondoni kwa mashua, aliteleza kwenye gati. Akatanguliza mkono kujizuia, na kifundo cha mkono kikavunjika.

Mkono ulipona. Lakini sisi tulikuwa tumeshtuka. Tukakaa kikao cha familia, na kwa mapenzi yote tukaamua kwamba nyanya sasa apumzike. Kitanda chake tukakiteremsha chini. Ndoo tukamnyang'anya. Chakula akaletewa, maji akaletewa, viatu akaletewa. Kila alipoinuka palikuwa na mtu wa kumwambia, "Keti, nyanya, sisi tupo." Naye akaketi. Aliketi miaka minne.

Mwaka wa tano, usiku mmoja wa Ramadhani, aliamka kula daku. Akageuka kuchukua mtandio wake, akaanguka. Hakuanguka ngazini. Hakuanguka gatini. Alianguka kwenye sakafu kavu iliyo sawa, kutoka kimo chake mwenyewe. Nyonga ikavunjika. Tulimbeba hadi gati, tukamvusha kwa boti hadi Mokowe, na kutoka hapo ikawa safari ndefu ya gari hadi Mombasa, kila shimo la barabara akimtaja Mwenyezi Mungu. Hakutembea tena bila kushikwa. Miezi tisa baadaye alitangulia mbele ya haki.

Nawauliza, mama zangu: ni nini kilichomvunja nyanya? Ni sakafu? Ni mtandio? Nami nalijibu hili nikiwa mmoja wa wale waliomnyang'anya ndoo. Umri ulikuwa umeanza kazi katika mifupa yake, na sisi, kwa kumkalisha miaka minne, tukausaidia umri.

Hilo ndilo lililonileta hapa leo. Katika mji wetu heshima ya mzee ni kumkalisha. Mtoto mwema ni yule asiyemwacha mama yake ainue kitu. Na mimi nawaambia mfupa hauijui heshima hiyo. Mfupa unajua kitu kimoja tu, nacho ni mzigo.

Hebu tuuangalie huu mfupa wenyewe. Watu wengi wanaudhani ni kama boriti. Boriti ikishakatwa mkokoni imekufa, kazi yake ni kushikilia dari mpaka ioze. Mfupa u hai. Una damu ndani yake, na una mafundi wa aina mbili wasiolala. Kundi la kwanza hubomoa palipochakaa. Kundi la pili huja nyuma yake na chokaa mpya, likajenga. Nasema chokaa makusudi, kwa maana kalisiamu iliyo ndani ya mfupa ndiyo hiyo hiyo iliyo katika chokaa ya kuta zetu. Kwa kazi hii ya kubomoa na kujenga, mifupa ya mtu mzima hugeuka kuwa mipya kwa muda wa kama miaka 10.

Ujanani wajenzi huwashinda wabomoaji, mpaka mtu akaribie miaka 30. Baada ya hapo huenda sawa kwa muda. Halafu hedhi inakatika. Homoni ya estrojeni, ambayo ilikuwa ikiwazuia wale wabomoaji, inapungua mno, nao wanaachiwa nyumba. Katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, mwanamke anaweza kupoteza hata asilimia 20 ya mfupa wake. Bandu bandu huisha gogo. Na gogo hili linaisha kimya kimya. Hakuna homa, hakuna uvimbe, hakuna maumivu. Mfupa unabaki na umbo lake nje, na ndani umetobokatoboka kama tumbawe lililoliwa na maji. Madaktari wanauita ugonjwa huu osteoporosisi. Kwa wengi dalili yake ya kwanza ni kuvunjika: kifundo cha mkono, pingili za mgongo, au nyonga.

Kuna ishara moja ambayo mwaweza kuiona wenyewe. Nani hapa buibui lake la zamani, lililokuwa likimfika kwenye vifundo vya miguu, siku hizi linaburura chini? Buibui halirefuki, mama. Huenda ni pingili za mgongo zilizobonyea moja moja bila wewe kujua. Aliyepungua kimo kwa sentimita 4 au zaidi tangu ujana wake, na amwambie daktari. Na aliyetumia kwa miezi vidonge vya prednisoloni, kwa pumu au kwa viungo, naye amwambie, kwa sababu dawa hiyo pia hupunguza mfupa. Asiiache ghafla peke yake, lakini amwambie. Na msidhani ni ugonjwa wa wanawake peke yao. Waume zetu nao huupata, ila kwao huchelewa.

Sasa, wale wajenzi wanapokea amri kutoka kwa nani? Hapa nawaomba mnisikilize vizuri.

Mwaka 1892 daktari mmoja wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, aliandika kwamba mfupa hujijenga kufuatana na mzigo unaoubeba. Panapobeba hukaza, pasipobeba hulegea. Miaka mingi baadaye wanadamu walikwenda angani, wakakaa huko miezi, wakielea, miguu yao haibebi chochote. Hawa ni watu wenye afya kuliko sisi sote tuliokaa hapa, wamechaguliwa mmoja katika maelfu. Na bado katika mifupa ya nyonga walikuwa wakipoteza kama asilimia 1 hadi 1.5 kila mwezi. Kila mwezi! Kiti kizuri tunachomwekea mama hakimpeleki angani, lakini kinampeleka upande huo huo.

Kisa kingine ni cha majogoo. Mwaka 1984 wataalamu walichapisha utafiti wa mfupa wa bawa la jogoo. Waliutenga mfupa huo usibebe kitu, kisha kila siku wakaubinya kwa mashine kwa idadi waliyoipanga. Ulioachwa bila kubinywa ulipungua. Uliobinywa mara 4 tu kwa siku haukupungua. Uliobinywa mara 36 uliongezeka. Je, uliobinywa mara 1,800? Haukuongezeka kuliko ule wa mara 36.

Mnaona utamu wa jambo hili? Mfupa hauhitaji kuteswa kutwa nzima. Unataka kusikia mzigo mara chache, mzigo wa kweli, kisha uachwe, kesho uambiwe tena. Mama anayeniambia "mimi sina nafasi ya mazoezi" nampa habari za jogoo.

Lakini sisi si majogoo, na wazee wetu si vijana. Je, mama wa miaka 65 mwenye mifupa iliyopungua anaweza kubeba uzito bila kuvunjika? Miaka mingi jibu lilikuwa hapana, na mimi mwenyewe nilipoanza kazi niliogopa. Ndipo utafiti ukafanyika Australia, ukachapishwa 2018, kwa wanawake 101 waliokwisha kukoma hedhi, wastani wao miaka 65, wote mifupa yao imepungua. Nusu yao walifanya mazoezi mepesi ya nyumbani. Nusu nyingine waliinua vyuma vizito na kutua kwa kishindo, mara mbili kwa wiki, nusu saa tu, msimamizi amesimama kando yao kila mara, kwa miezi 8. Wale wa mazoezi mepesi mfupa wa pingili za kiuno ulipungua kwa asilimia 1.2. Wale wa vyuma uliongezeka kwa asilimia 2.9. Na majeraha? Mmoja tu alikazwa na misuli ya mgongo kidogo.

Sisemi mkitoka hapa mkainue magunia ya simiti. Wale walianza taratibu, wakafundishwa, wakasimamiwa. Ninachosema ni kwamba mfupa wa mama mzee bado una masikio.

Na sasa mtaniuliza, kutembea je? Mama mmoja wa Shela huniambia kila tukikutana, "Mimi natembea pwani kila alfajiri." Mashaallah, na aendelee. Moyo wake utamshukuru, na sukari yake pia. Ila kutembea peke yake, kwa mtu aliyezoea kutembea, hakumwambii mfupa jambo jipya. Kuogelea nako ni kuzuri, lakini maji hukubeba, na kinachobebwa hakibebi. Mfupa unataka kubeba na kutua.

Basi tubebe nini na tutue wapi? Vifaa mnavyo. Chukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, uzijaze mchanga. Kila moja itapita kilo 2. Anza hata na nusu chupa. Zikunje mikononi kuelekea bega, zisukume juu, mara 8 hadi 12, pumzika, rudia. Mara 12 zikiwa rahisi, ongeza mchanga. Ikiwa uzito haujawahi kuongezwa, mfupa nao hauna sababu ya kuongezeka. Fanya hivyo siku mbili au tatu kwa wiki, siku zenye mapumziko katikati.

Baraza nayo ni mashine ya mazoezi ambayo tumeikalia miaka yote. Keti ukingoni, inuka bila kutumia mikono, keti taratibu, mara 10. Hilo ndilo linalojenga mapaja na nyonga, na ndilo nililotamani mtu angemfanyisha nyanya kila asubuhi. Ukuta nao: simama mbele yake, weka viganja, uusukume kama unayetaka kuusogeza kwa jirani. Vifundo vya mikono vinahitaji hivyo. Halafu simama umeshika dirisha, panda juu ya vidole vya miguu, kisha acha visigino vitue chini vilie "tu!" Kishindo hicho kidogo hupanda hadi nyongani. Aliyewahi kuvunjika pingili au nyonga asitue kwa kishindo, ashuke taratibu. Wasichana wetu waruke kamba, wasizuiwe, huu ndio wakati wao wa kuweka akiba.

Na ngazi. Mama anayeweza kupanda ngazi zake akiwa ameshika kamba au ukuta, mwacheni apande.

Arusini pia. Chakacha inapolia, wazee wetu siku hizi huketi pembeni wakapiga makofi. Inukeni! Miguu inayokanyaga, kiuno kinachogeuka, hatua za mbele na nyuma: mfupa unapenda mzigo unaotoka pande mbalimbali, na misuli ya kujizuia usianguke inafanya kazi humo humo.

Sasa nataka nisimame kidogo katika jambo moja, kwa kuwa hapa ndipo watu wema huumizana. Si kila zoezi linamfaa mwenye mifupa iliyotoboka. Mwaka 1984 pia, huko Marekani, madaktari walifuatilia wanawake 59 wenye ugonjwa huu mgongoni. Waliofanya mazoezi ya kunyoosha mgongo kuelekea nyuma, asilimia 16 walipata kubonyea kupya kwa pingili. Waliofanya mazoezi ya kujikunja mbele, yale ya kushika vidole vya miguu na ya kuinua kichwa na mabega ukiwa umelala chali, walikuwa asilimia 89. Na wasiofanya zoezi lolote, asilimia 67. Ilikuwa idadi ndogo ya watu, lakini mimi nimeyaona kwa macho yangu. Nilimtibu mama aliyekuwa mzima kabisa, akafundishwa na kijana mwenye nia njema mazoezi ya kupunguza tumbo, na siku ya tatu mgongo ukabonyea.

Pingili zilizodhoofika zinapokunjwa mbele, uzito wote huangukia ukingo wake wa mbele, ukabonyea kama kopo. Basi fikirieni siku yetu ilivyo. Tunafagia kwa ufagio mfupi, tumeinama. Tunafua katika beseni lililo chini, tumeinama. Tunaketi juu ya mbuzi kukuna nazi, mgongo umepinda kama ndoana. Funga mti mrefu kwenye huo ufagio. Liweke beseni juu ya baraza. Nazi mwachie mjukuu, au keti wima na ukune kidogo kidogo.

Ukilazimika kuinama, kuna namna, nayo mliijua mkiwa wadogo chuoni. Mwalimu alitufundishaje rukuu? Mgongo umenyooka, mikono magotini, mkunjo uko nyongani. Hiyo ndiyo! Kunja nyonga, usikunje mgongo. Ndoo ukitaka kuiinua, isogelee, kunja nyonga na magoti, mgongo ukiwa umenyooka, kisha inuka nayo karibu na tumbo. Usigeuke nayo huku umeinama.

Na kwenye sujudi? Asiyevunjika pingili, swala yake ni neema kwa miguu yake, ashuke taratibu, magoti kwanza. Aliyevunjika pingili, kwenda chini na kuinuka kutoka chini kwaweza kumdhuru. Mimi si sheikh, ila ruhusa ya kuswali kwa kuketi imo katika dini yetu na masheikh wetu watawafafanulia. Nimekutana na mama aliyeficha maumivu mwaka mzima kwa kuona haya kuswali kitini mbele ya wakwe zake. Mama, usione haya.

Kila siku, lala kifudifudi kama unaweza, mto mwembamba chini ya tumbo, uinue kifua kidogo tu, hesabu tano, ushuke. Asiyeweza, asimame, aegemeze mgongo ukutani, avute mabega nyuma mpaka yauguse.

Limebaki suala la kuanguka. Mtu akijikwaa sisi twasema nini? "Hamadi!" Na wazee wakasema: hamadi kibindoni, silaha mkononi. Kibindo kiko wapi? Kiko hapa kiunoni, juu tu ya nyonga. Mfupa wa nyonga ndio akiba, lakini silaha ni miguu inayojua kujizuia. Huko New Zealand, chuo kikuu cha Otago kilitunga mazoezi ya nyumbani ya miguu na ya kusimama bila kuyumba kwa wazee, na kuanguka kukapungua kwa takriban theluthi moja. Simama kwa mguu mmoja, umeshika meza, wakati wa kungoja chai ichemke. Kisha mguu wa pili. Tembea kisigino kikigusa vidole, mkono mmoja ukutani. Vichochoro vyetu vimejengwa kwa zoezi hilo.

Na nyumbani kunja pembe za mikeka, weka taa ngazini, acheni kandambili zilizolika visigino. Njiani, punda akija na mzigo, mzee asimame ndani ya daka la mlango, asishindane naye.

Kuhusu chakula nitasema machache. Dagaa zile nzima na mifupa yake, maziwa, mtindi, ufuta, na protini ya samaki kila siku kwa ajili ya misuli. Vitamini D hutengenezwa na jua kwenye ngozi, na sisi tunaoishi kwenye jua hili lote tunatoka tumejifunika. Kaeni kiwandani au juu ya paa mmefunua mikono na miguu kidogo. Na aliyepewa dawa za mifupa asiziache eti kwa sababu ameanza mazoezi. Ajenge kwa yote mawili. Na msitazamie miujiza mwezi wa kwanza, kwa kuwa wale mafundi duru yao moja huchukua miezi minne hadi sita. Ukiacha, nao wanaacha.

Watoto wetu mlio Mombasa, Nairobi na ng'ambo, mnaotuma pesa za msaidizi wa nyumbani ili mama "asiguse kitu," Mungu awalipe. Sasa mpigieni simu huyo msaidizi. Mwambieni amwache mama ainue ndoo iliyojaa nusu. Mwambieni asimame karibu yake, asimame nyuma yake ngazini, lakini asipande kwa niaba yake.

Basi, wekeni vikombe chini. Sogeeni kwenye ukingo wa baraza, miguu yote miwili iguse sakafu. Wewe binti, simama karibu na mama hapo, mikono yako iwe tayari, usimshike. Mama, mikono kifuani. Mgongo wima, kunja nyonga kama kwenye rukuu, egemea mbele kidogo. Bismillahi.

Moja.